Nilivyowaficha kina mama kwenye laini ya kura kanisani Joburg, wakaonekana wote

Wakuu, salamu kwenu, wa nyumbani na wa ughaibuni.

Ninayosimulia hapa yalitokea. Majina nimebadilisha na kanisa sitalitaja, lakini ujinga wangu nimeuacha kama ulivyokuwa. Sikuupunguza wala kuupamba.

Mnaonisoma humu mnajua mimi ni mtu wa maneno mengi. Nilikuja Johannesburg kusoma udaktari wa falsafa. Falsafa ikanishinda, nikabaki na udaktari wa kutoa maoni. Naishi kwa kutafsiri nyaraka na kufundisha vipindi vya kuokoteza. Wakongo wa hapa mjini wananiita Prof. Mara ya kwanza nilikataa. Mara ya pili nilikataa kwa sauti ndogo zaidi.

Mwanzoni mwa 2019, nchi hii ikijiandaa kwa uchaguzi mkuu, nilikuwa najitolea kwenye kikundi kidogo cha mtaani. Tulikuwa na kazi mbili.

Ya kwanza ni kuwaelekeza watu wakajiandikishe wapi kupiga kura, na waende na nini mkononi.

Ya pili ni kuwaeleza wanawake haki zao za uzazi. Kwamba uzazi wa mpango kwenye kliniki za serikali ni bure, hata kwa mkimbizi, na hakuna sheria inayomtaka mwanamke aje na ruhusa ya mume.

Kura ilikuwa idara yangu. Uzazi ulikuwa wa Sista Zanele, nesi mstaafu kutoka Soweto, mama mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima na asiye na subira na wanaume wanaotumia neno "kimsingi". Mimi nalitumia sana.

Kabla hamjaniuliza: hapana, mimi mwenyewe siruhusiwi kupiga kura hapa. Nina kibali cha kazi tu. Na mara ya mwisho kupiga kura nyumbani Tanzania nilikuwa bado na nywele. Kwa hiyo kila wikiendi nilikuwa nawahimiza watu wafanye jambo ambalo mimi sijalifanya tangu ujana wangu. Nilifanya kwa moyo wote.

Sasa tuje kwenye plan yangu.

Kwenye makanisa ya Alexandra, mtaa wa wenyeji kaskazini mwa jiji, tulikuwa na tatizo. Mwanamke akionekana tu anaingia kwa Sista Zanele, kabla ya chakula cha usiku mtaa mzima umeshaambiwa anafunga uzazi. Wengi wakawa hawaji.

Nikapata wazo. Tuweke laini moja, na kwenye tangazo tuitaje kura peke yake. Mtu akifika mezani kwangu, kama anataka kura namhudumia. Kama anataka lile lingine, anasema tu "naomba kuuliza kituo", nami namwonyesha mlango wa chumba cha nyuma. Atakayetazama ataona laini ya wapiga kura, basi.

Alexandra ilifanya kazi vizuri mno. Nikaanza kuielezea kwa watu ambao hawakuniuliza. Niliipa hadi jina: usiri ndani ya umati. Nilikuwa nimeshaanza kichwani kuandika makala yake.

Hapo ndipo Mama Odette aliponipigia simu.

Mama Odette ni kiongozi wa idara ya wanawake kwenye kanisa moja la Wakongo pale katikati ya jiji, ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa duka la fanicha, lifti ilishakufa zamani. Anauza vitenge kwa jumla karibu na stendi ya teksi. Huyu mama haombi kitu. Anatangaza.

"Prof, kuko mama mumoja hapa, iko na shida kubwa. Bwana yake asijue. Kanisa nayo isijue. Mutakuja Jumapili."

Huyo mama mmoja nitamwita Mama Gracia, kwa jina la binti yake mkubwa. Anasuka nywele saluni. Ana mabinti watatu. Alipomzaa wa mwisho alitoka damu hadi akaongezewa, na daktari akamwambia asithubutu kubeba mimba nyingine karibuni.

Mume wake, Papa Gracia, ni shemasi pale kanisani, na kazini ni msimamizi wa walinzi kwenye jengo moja la ofisi huko Sandton. Si mtu mbaya, wakuu. Sare za shule za mabinti zake anazipiga pasi mwenyewe. Ila mama yake anapiga simu kutoka Bukavu kila wiki kuuliza mtoto wa kiume yuko wapi, na yeye kila wiki anajibu kwamba Mungu ataleta.

Mama Gracia alikwenda kliniki peke yake kuomba sindano ya miezi mitatu. Mtu wa mapokezi akamwambia arudi na mumewe. Akarudi saluni.

Na kitu kingine mkielewe. Kanisani kwao mambo ya ndoa yanapelekwa kwenye kikao cha wazee. Kikao kinaanza kwa sala na kinaisha kwa mke kuomba msamaha. Papa Gracia angejua tu, lingefika kikaoni, na mkewe angetoka pale ameahidi mbele ya watu kwamba ataendelea kuzaa. Mwili ambao daktari alishasema hauwezi.

Nikamwambia Mama Odette, "Usijali mama. Kimsingi, tuna mfumo."

Jumapili tukapanda zile ngazi. Mimi nilifika juu nikiwa natafuta pumzi, Sista Zanele, aliyenizidi miaka mingi, akiwa ananisubiri. Wageni pale huwekwa mbele kwenye viti vyenye vitambaa, kwa hiyo nilihema hadharani kwa nyimbo tatu nzima.

Mwisho wa ibada mchungaji akatangaza: wanaotaka maelezo ya kura wapange laini, Prof atawasaidia. Mama Odette alikuwa ameshawanong'oneza kina mama ukweli tangu katikati ya wiki. Sista Zanele akaingia chumba cha nyuma, kwenye ngoma na spika mbovu. Nikakaa mezani, nikafungua kalamu. Nilijisikia waziri.

Wa kwanza kwenye laini alikuwa Papa Gracia.

Suti nyeusi, tai, na kitambulisho cha kijani ndani ya plastiki. Uraia ulikuwa umetoka baada ya miaka ya kupanga foleni, na hii ingekuwa mara yake ya kwanza kupiga kura Afrika Kusini. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nyuma yake walikuwa wazee wawili wenye vitambulisho kama chake.

Na nyuma ya hao, kina mama. Kama kumi hivi. Wote umri wa kuzaa. Wote wanatazama sakafu.

Wakuu, ndipo nilipoliona. Kwenye yale makanisa ya Alexandra karibu kila mtu ni raia, laini ya kura ina kila aina ya mtu. Hapa karibu wote wana karatasi za ukimbizi. Ukiondoa wale wanaume watatu, hakukuwa na mpiga kura hata mmoja ndani ya jengo lile. Nilikuwa nimewapanga kwenye mstari mmoja, mbele ya kanisa zima, wanawake wote wanaotaka uzazi wa mpango, tena baada ya tangazo la kipaza sauti.

Sikuwa na muda wa kuzimia. Kaka mmoja wa kwaya, anakunja nyaya za gitaa, akapaza sauti: "Bamama! Tangu lini muko ba-South?"

Watu wakacheka. Papa Gracia, niliyekuwa nimeshamhudumia, akageuka naye akicheka. Akamwona mkewe.

"Mama Gracia? Weye utapiga kura na karatasi gani?"

Mama Gracia alishika mkoba wake kifuani kama mtu anayevuka stendi yenye vibaka.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nina shahada mbili.

"Kimsingi, shemasi," nikasema, "hii pia ni elimu ya uraia kwa wasio raia."

"Elimu ya uraia kwa wasio raia," akarudia taratibu. "Na juu ya nini ni bamama tu?"

"Ni... kuna kundi lengwa. Wanawake wa miaka kumi na minane hadi arobaini na tano."

Nilisikia maneno yakitoka na sikuweza kuyarudisha. Hata mtoto wa shule anajua huo ni umri wa nini. Papa Gracia akakunja uso. Aliniangalia mimi, akamwangalia mkewe, akauangalia mlango wa chumba cha nyuma.

"Ati nini?"

Hiyo haikuwa sauti yake. Ilikuwa ya Mama Odette, kutoka upande wa jikoni, ana mwiko mkononi.

"Prof! Rudia! Bamama ya miaka makumi tano, bo habana haki?"

"Mama, sikumaanisha..."

"Mumesikia, bamama? Prof anasema sisi bazee hatuna haki! Anakuja kwetu, anakunywa chai yetu, anatutukana! Bamama bote, ku laini! Bote! Ata ba ya jikoni!"

Wakaja. Wa kwaya wakaja, wa usafi wakaja, waliokuwa wameanza kushuka ngazi wakapanda tena. Akaja koko mmoja, bibi kizee anayetembea kwa fimbo, akapita mbele ya wote bila kuuliza.

"Mi nilipigaka kura zamani kule kwetu," akaniambia. "Jina ilikuwa moja tu, na askari ananionyesha fasi ya kutia kidole. Sasa weye uniambie, huku majina iko ngapi?"

Kanisa likavunjika mbavu. Laini ikazunguka ukumbi. Mama Gracia hakuonekana tena, alikuwa kitambaa kimoja cha kichwa kati ya vitambaa.

Mama Odette alipita kando yangu kuelekea chumba cha nyuma kumtafsiria Sista Zanele, kazi iliyotakiwa iwe yangu. Hakunitazama. Alisema chini chini tu, "Endelea kuonekana mujinga, Prof. Unafanya vizuri."

Nikaendelea. Sikuhitaji mazoezi.

Saa ya kuondoka Papa Gracia alikuwa mlangoni anamsubiri mkewe, mtoto mdogo begani.

"Bamekufundisha nini?"

"Ati niko na haki," akasema Mama Gracia.

"Haki ya nini, na kitambulisho hauna?"

"Prof anasema kuko zingine hazitake kitambulisho."

Akanigeukia. "Kweli, Prof?"

"Kweli," nikasema. Ndilo neno pekee la kweli nililosema siku ile.

Kwenye ngazi Sista Zanele alinivuta shati. "Eish, bhuti, kaka yangu, mimi nimekaa na vipeperushi vya sindano, wewe unaniletea bibi anauliza idadi ya vyama na dawa ya magoti?" Nilipomweleza mfumo ulivyokuwa, alikaa kwenye ngazi akacheka hadi akafuta machozi. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Yule mke wa shemasi angeumia." Nikasema najua.

Wiki ileile alimpeleka Mama Gracia kliniki. Nami nilikwenda, nimejaa sheria kichwani. Getini wote wawili wakanigeukia, Mama Gracia akasema, "Papa Prof, baki huku." Nikabaki nje, nikala maandazi ya pale getini, magwinya wanayaita huku, na nikamweleza muuzaji katiba.

Yaliyotokea ndani nilisimuliwa na Zanele. Mtu wa mapokezi aliuliza tena mume yuko wapi. Zanele akavuta pumzi kuanza kupiga kelele, lakini Mama Gracia akamtangulia, kwa Kiingereza chake cha saluni: "Mume ni wangu na mwili ni wangu. Leo nimeleta mwili."

Akapata sindano.

Najua wapo watakaosema tulimsaidia mke kumficha mumewe. Nimelifikiria sana kwa sababu yule shemasi nampenda, na kila akinishika mkono kwa mikono miwili naona aibu kidogo. Ningependa mkewe amwambie. Lakini atakayetoka damu si mimi, na si wewe unayeandika reply kwa hasira. Siku ya kusema ni ya kwake kuchagua.

Siku ya uchaguzi nilikwenda kusimama nje ya uzio wa shule iliyofanywa kituo, na chupa ya chai, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Papa Gracia akaja na suti ileile na familia nzima kumsindikiza. Alipotoka ameinua kidole gumba chenye wino, mabinti wakampigia makofi.

Nikamtania, "Haya shemasi, umempa nani?"

Akanyooka. "Prof, hiyo ni siri. Mutu anaingia mule peke yake. Ata mama ya batoto sitamwambia."

Mama Gracia alikuwa anamfunga mdogo kamba ya kiatu. Hakuinua kichwa.

"Ni haki yako, papa," akasema.

Wakuu, nilichojifunza: ukitaka kumficha mtu ndani ya umati, hakikisha kwanza umati upo. Na plan iliyofaa Alexandra usiipandishe ngazi za jengo la watu wengine kabla hujawauliza wao ni akina nani.

Uwanja ni wenu. Wa mawe arushe, aliyewahi kujitolea akaharibu kuliko mimi aje anifariji, na kina dada mliokutana na mapokezi ya namna ile semeni mlivyojibu. Ila atakayeuliza kama Papa Gracia alikuja kujua, namjibu kabisa: sijui, na sitauliza.