Bam Iko Nyuma, Chini ya Tangi

Magari nilijifunza kwa kusoma, si kwa kuendesha. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani nilikuwa fundi. Nilikuwa karani wa vibali katika ofisi ya serikali mjini Garissa, nina miaka ishirini, na sikuwa nimewahi kushika usukani hata wa trekta. Mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao aliniachia sanduku la majarida ya magari. Nikayasoma yote kwa msaada wa kamusi, mpaka nikajua faida ya kabureta mbili kabla sijajua boneti inafunguliwa vipi.

Nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa. Nikikosea herufi moja kwenye kibali nilikichana, nikaanza upya, na watu wakazidi kungoja juani. Na nilikuwa na daftari. Humo niliandika habari za wagoni, yale magari marefu yenye mlango nyuma na viti vya safu tatu: ipi itatoka mwaka ujao, injini gani, ya kiwanda cha nchi gani. Doa la wino likidondoka, nilinakili ukurasa mzima upya.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijitenge. Gari halikutoka mjini bila kibali, na njia ya Wajir halikuipita bila msafara wa askari. Labda ndiyo maana tulizungumza magari kiasi kile. Tulikuwa watu wasioweza kwenda mahali.

Tulikuwa watatu, katika hoteli ya chai karibu na ofisi yangu, kila siku baada ya sala ya alasiri. Mmoja alikuwa Mwalimu, mtu wa bara kama mimi, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata. Wa pili alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye nyumba mtaa wa Iftin, mtu mzima aliyenunua mifugo Griftu na Habaswein, upande wa Wajir, na kuileta kwa lori lake kuukuu. Hotelini wote walimwita Abti, yaani mjomba kwa Kisomali, nami nikamwita hivyo hivyo. Alisema Kiswahili cha watu wa huko, p ikitoka b na v ikitoka f. Maneno yake hapa nayaandika kwa herufi za kawaida, na sababu nitaieleza.

Abti alitaka kununua wagoni. Siku njia itakapofunguliwa, alisema, atabeba abiria Garissa mpaka Wajir, watu wa heshima, wakae ndani kama watu badala ya kupanda juu ya magunia. Swali lilikuwa moja tu: wagoni ya nani?

"Mwingereza," Mwalimu alisema, kama kawaida yake. "Mwingereza ndiye aliyeleta gari nchi hii. Mfaransa ameleta nini? Manukato."

"Mwingereza ameenda zake, Mwalimu. Gari ameacha. Spea ameenda nayo."

Hoteli nzima ilicheka. Mwalimu alikunywa chai yake kwa hasira.

"Jarida linasema ya Mfaransa itakuja na injini mbili," nikasema. "Ya petroli na ya dizeli. Unachagua mwenyewe."

"Waryaa, karani! Hiyo jarida yako imewahi kupita Habaswein?"

"Haijapita, Abti."

"Basi iache inyamaze."

"Na Mjapani?" mwenye hoteli aliuliza kutoka jikoni. "Nasikia naye analeta wagoni."

"Mjapani anatengeneza redio," Mwalimu akasema. "Utapakia mbuzi kwenye redio?"

Abti alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shali. Kisha akarudi kwenye jambo lake, kwa kuwa alikuwa na jambo moja ambalo hakuliacha kamwe. Si nguvu ya injini, si springi, si kimo cha tumbo la gari juu ya mawe. Ni pampu ya petroli. Katika magari mengi ilifungwa mbele, ubavuni mwa injini. Kwa joto la kwetu petroli ilichemka humo ndani ikawa mvuke, na gari likafa katikati ya njia hata tangi likiwa limejaa. Madereva walifunga kitambaa chenye maji juu ya pampu, wakaketi kungoja. Mimi nilikuwa nimesoma juu ya wagoni mpya yenye pampu ya umeme, iliyofungwa nyuma, mbali na injini. Nilipomwambia, Abti alinishika mkono.

"Iko nyuma? Wapi nyuma?"

"Chini ya tangi, Abti."

"Chini ya tangi. Imefichwa vizuri, hata jiwe haipati. Wallahi hiyo ndiyo gari. Mbele ni makosa, inakufa njiani kabla ya Habaswein. Pampu iko nyuma, chini ya tangi! Andika, karani."

Nikaandika. Sasa nieleze nilivyoandika.

Maneno ya Mwalimu niliyaandika kwa Kiswahili safi. Ya Abti niliyaandika kama yalivyotoka kinywani: bistoni, falfu, fumbi, mbya. Nilijiambia kwamba ni usahihi. Huo ni uongo. Jioni, katika nyumba za makarani, nilikuwa nawasomea wenzangu kurasa zile kwa sauti yake, na walikuwa wanajigaragaza kwa kicheko. Nilikuwa mtu wa woga, asiye na la kuchekesha la kwake mwenyewe, na hiyo ndiyo njia niliyoipata ya kupendwa. Pampu, kinywani mwa Abti, ilikuwa bam.

Wiki ile ile Abti aliponiambia niandike, lori moja lilikanyaga bomu la kutegwa kwenye njia ya Wajir. Sitaeleza yaliyoletwa mjini chini ya turubai. Kesho yake nilikuwa naondoka kwenda likizo nyumbani, na pale darajani askari walitushusha wote kwenye basi wakapekua mizigo. Mmoja akafungua daftari langu. Akasoma akiwa amesimama, midomo ikimchezacheza, kisha akaacha kuichezesha.

"Hili la nani?"

"Langu."

"Njoo."

Walinipeleka kwa inspekta, mtu wa bara, mnene, mwenye sauti ya upole. Alisoma ukurasa ule kwa sauti: "Abti: Bam iko nyuma, chini ya tangi. Imefichwa fizuri. Mbele ni makosa, inakufa njiani kabla ya Habaswein." Akamwita askari aliyejua Kisomali, akamwuliza bam ni nini.

"Bomu, afande."

Inspekta akaniangalia. Nilidhani nitapigwa. Badala yake alisimama, akazunguka meza, akanipa mkono.

"Kijana, kumbe serikali ina macho hapa na hatujui! Umeandika mpaka jina analoitwa na mtaa anaokaa. Nitamwandikia mkubwa wako barua."

Hapa ndipo pananinyima amani mpaka leo. Nilielewa mara moja kosa liko wapi. Nilikuwa na neno pampu mdomoni, tayari kabisa. Sikulisema. Hakuna mkubwa aliyewahi kunishika mkono namna ile, na nilitaka mkono ule unishike kidogo zaidi. Niliketi kwenye kiti nilichopewa, nikaletewa chai, nikainywa. Nje nikasikia gari la askari likiwaka. Nilijua linakwenda Iftin. Bado nilikuwa nakunywa.

Walipomleta Abti hakuwa na viatu. Mtu yule hakuwahi kuonekana barabarani bila viatu vilivyopakwa rangi. Shali lilikuwa limetoka, mdomo umepasuka kwenye kona, na mikono ilikuwa imefungwa nyuma. Aliniona nimekaa na kikombe. Uso wake ukafunguka kwa furaha. Alidhani nimekuja kumtetea.

"Alhamdulillahi, karani yuko hapa! Waambie. Waambie mimi ni nani."

Kikombe kilinitoka mkononi.

"Afande, ni pampu," nikasema. "Bam ni pampu. Pampu ya petroli. Tulikuwa tunazungumza magari."

Inspekta akamgeukia yule askari. "Hukusema ni bomu?"

"Ni bomu, afande. Na pampu pia ni bam. Neno ni moja."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza pampu, afande."

Inspekta alirudi kukaa. Ile sauti ya upole ilikuwa imekwisha. "Kila mtu akiletwa hapa bomu lake linageuka pampu. Wewe ni karani. Unajua kuandika. Kama ni pampu, kwa nini hukuandika pampu?"

Siku zile mtu akichukuliwa kwa jambo la bomu, watu wake walikaa miezi bila kujua yuko wapi, na wengine hawakujua kabisa. Abti alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja.

"Niliandika hivyo kumcheka, afande. Namna anavyosema. Kila palipo na p nimeandika b. Tazama kurasa nyingine."

"Soma wewe."

Nilisoma. Nilisoma bistoni na falfu. Nilisoma "injini ya lita moja na nusu itafuta nini, watu saba, mbuzi wawili, na maji ya hao saba na hao mbuzi." Kurasa zile nilikuwa nimezoea kuzisoma kwa namna moja tu, na kwa aibu yangu lafudhi ilitoka yenyewe. Askari mlangoni alianza kucheka. Inspekta akajizuia, akashindwa. "Mbya!" akasema, akipiga meza. "Gari mbya!" Nilisikia kicheko kile nikajua kinamfungua Abti kamba, kwa hiyo nikaendelea. Niligeuza ukurasa bila kutazama unaofuata ni upi.

Ulikuwa wa siku ambayo Mwalimu hakuja na tulikuwa wawili tu. Siku hiyo nilimwuliza Abti kwa nini pampu inamsumbua kuliko kitu kingine chochote, naye akaniambia. Mke wake alishikwa na uchungu wa uzazi Habaswein, mtoto amekaa vibaya, akampakia kwenye lori kumleta hospitali Garissa. Petroli ikachemka. Alifunga kitambaa, akamwaga maji yote waliyokuwa nayo juu ya pampu, mpaka ya kunywa. Lori liliwaka jua lilipopungua. Wakati huo alikuwa na maiti mbili.

Nilikuwa nimeyaandika hayo nayo, kwa herufi zile zile. Sikuwahi kuwasomea makarani ukurasa ule, lakini niliuandika hivyo, kwa sababu kurasa zilizotangulia zilikuwa hivyo na mimi napenda daftari liwe na mtindo mmoja.

Nilikuwa nimesoma nusu ya sentensi kabla ya kutambua: "Bam ikakufa, nikamwaga maji yote, mbaka ya kunywa." Askari wa mlangoni alikuwa bado anacheka.

Nikalishusha daftari. Inspekta alilichukua, akausoma ukurasa wote kimya. Chumba kilitulia polepole, kicheko kikifa kwa mmoja mmoja. Akalifunga daftari.

"Mfungue," alimwambia askari.

Abti alisugua vifundo vya mikono. Hakunitazama kwa hasira. Ningeipokea hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma hesabu aliyodhani ameshaielewa.

"Hiyo pia uliandika," alisema.

"Abti, nisamehe."

"Hiyo pia ulikuwa unacheka?"

"Hapana. Wallahi hapana."

"Basi kwa nini uliandika namna hiyo?"

Jibu pekee, hata leo, ni hilo la mtindo mmoja, ambalo hakuna binadamu anayeweza kulisema mbele ya mwenzake. Alitoka peku. Lami ya mbele ya kituo ilikuwa inachoma, na nilimwona akikanyaga kwa ncha za vidole hadi kwenye mchanga.

Sikwenda likizo. Mwalimu aliyasikia yote kabla jua halijatua, na kesho yake hotelini alihamisha kikombe chake hadi meza nyingine. Baada ya hapo hata yeye akaacha kuja. Mwenye hoteli alinihudumia vizuri tu, kama mgeni.

Zilipita wiki sita hivi kabla Abti hajaingia ofisini kwangu. Nilimwona kwenye foleni nikaharibu kibali cha mtu aliyekuwa mbele yake, nikakichana, nikaanza tena, nikaharibu tena. Zamu yake ilipofika alikuwa na viatu vyake na shali lake. Mdomo ulikuwa umepona, ila kwenye kona palikuwa na kovu dogo.

"Karibu, Abti," nikasema.

Alimgeukia mkalimani wa ofisi, mzee aliyekaa pembeni kwa ajili ya wafugaji waliotoka mbali wasiojua Kiswahili, akamwambia jambo kwa Kisomali, taratibu na kwa adabu.

"Anaomba kibali cha kwenda Habaswein na msafara wa Alhamisi," mkalimani akaniambia. Kisha akainama kwenye kaunta, akanong'ona, uso umejaa mshangao: "Lakini huyu ninamjua. Huyu anasema Kiswahili vizuri kabisa."

Abti alikuwa anatazama ukutani, juu ya kichwa changu, akisubiri.

"Najua, mzee," nikasema. "Wewe tafsiri tu. Mwulize anasafiri na nani."