Ubani wa Ami Said

Juzi nilipita mtaa wa Wadi Kabir, nikaona vijana wa magereji wakicheza kriketi kwenye kiwanja cha vumbi. Papo hapo nikasikia harufu ya ubani, na hapakuwa na ubani.

Ilikuwa harufu ya gongo la kriketi la Ami Said, ndugu yake baba. Zamani akiipiga mipira mpaka juu ya mapaa, kisha msimu mzima ukapita hapigi kitu. Bibi akasema ni husuda. Akalifukiza gongo kwa ubani na udi, huku akisoma dua.

"Leo utapiga, mwanangu. Nna yakini."

Alasiri ile ya Ijumaa, nami bado mtoto, nilikaa ukingoni, mchanga ukiniunguza miguu. Mrushaji alikuwa fundi kijana wa Kipakistani, ambaye mipira yake ilikuwa ikivuma kama nyuki. Lakini kwa Ami alirusha taratibu, kama mtu anayemrushia mtoto chungwa. Ami akakosa. Akarushiwa mwingine, laini zaidi, akakosa tena. Uwanja mzima ukanyamaza. Sikujua bado kwamba huruma nayo hunyamazisha watu.

Mimi niliona ubani umefanya kazi. "Ami, wanakuogopa!" nikapiga kelele kwa furaha.

Aligeuka akanitazama. Mpira uliofuata hakuuinulia hata gongo. Ukaangusha vijiti nyuma yake, akawa ametolewa, na hakuna aliyeshangilia.

Akaja akanishika mkono, gongo bado likinukia.

"Twende nyumbani, mwanangu," akasema. "Washaniogopa vya kutosha."