Kahawa Haifuniki Pombe Mbaya

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa cheupe cha kufutia glasi na kuonywa nisiguse kitu kingine chochote. Hoteli ilikuwa ufukweni hapa Mwanza, upande ule ambao mawe makubwa yameshuka hadi majini, na baa yake ilitazama ziwa. Mkuu wa Baa, ambaye hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina, alinitazama kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Unajua kusoma?"

"Sijui, bwana."

"Na kuandika?"

"Asiyejua kusoma ataandikaje, bwana?"

Wahudumu walicheka. Yeye hakucheka. "Sasa unajua nini?"

"Najua kahawa."

"Basi simama hapo. Nyuma ya kaunta hii tunatumia macho, pua na ulimi. Madaftari yako ofisini."

Ninayasema haya kwa hasira, wala sitaki hasira hiyo ipunguzwe katika kuandikwa. Mjukuu wangu Anitha, anayeshika kalamu, ndiye aliyeiamsha. Ijumaa iliyopita, jikoni kwake Igoma, alinitamkia neno ambalo nimelibeba tangu nilipostaafu, neno lililomo katika faili langu la kazi na ambalo ni uongo. Nitalitaja mahali pake. Kwanza ijulikane kazi yenyewe, kwa maana asiyeijua kazi hawezi kulipima kosa.

Kahawa niliijua kwa sababu nimezaliwa Bukoba, na kwetu mtoto huijua kahawa kabla hajajua njia ya kisimani. Mgeni akiingia nyumbani, kabla ya chakula na kabla ya habari, huletewa kahawa ya kutafuna: buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikawekwa katika kikapu kidogo chenye mfuniko. Lakini mgeni hanyooshi mkono kwanza. Mwenye nyumba huchukua punje yake, akaitafuna mgeni akiona, ndipo akakisogeza kikapu. Maana yake haihitaji kufafanuliwa: ninachokupa wewe, nimekwisha kukitia katika kinywa changu. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba mtu anayetoa bila kuonja ama ni mvivu ama ni adui, na mgeni hana muda wa kuchunguza ni yupi kati ya hao wawili.

Hotelini nilianza kwa kukaanga. Kahawa yetu ya Bukoba ni robusta, chungu na nzito, na mtu asiyeijua huiunguza akidhani anaikoleza. Hukaangwa juu ya moto wa wastani, katika chungu kipana, ukiigeuza bila kupumzika. Kwanza hunuka kama nyasi, kisha kama mkate. Ikianza kupasuka kwa sauti ndogo, unahesabu pumzi zako na kuiondoa kabla haijaanza kutoa mafuta. Mkuu wa Baa alikuja jikoni siku moja, akachota punje, akaivunja kwa meno, akaondoka bila neno. Kesho yake niliambiwa nihamie kaunta. Sifa yake ilikuwa hiyo, na sikupata nyingine kwa muda mrefu.

Yeye ndiye aliyenifundisha kokteli ya kahawa, kinywaji ambacho watalii walikiulizia jua linapoanza kulegea. Kokteli ni pombe kali iliyochanganywa na vitu vingine mpaka vyote viwe kitu kimoja, wala si pombe iliyomwagiwa soda. Chombo chake ni kopo la kutikisia, la bati, lenye mfuniko unaobana. Alinisimamisha mbele ya kopo hilo na kunifundisha kwa ukali.

"Kahawa ya moto unaitilia barafu? Unataka kumpa mgeni supu?"

"Hapana, bwana."

"Tikisa. Tikisa, mwanamke! Hulazi mtoto hapo!"

Nilitikisa mpaka bati likaniuma viganja kwa baridi. Alipomimina, povu lilipanda juu ya glasi, la rangi ya kahawia iliyopauka, likatulia. Akaweka punje tatu za kahawa juu yake, nazo hazikuzama. "Zikizama," alisema, "hukutikisa. Anza upya."

Kabla ya kuisogeza glasi ile kwa mgeni, nilichovya kijiko na kuonja. Mkuu wa Baa aliuliza nani amenifundisha kufanya hivyo. Nilimweleza habari ya kikapu cha kwetu. Alifikiri, kisha akaagiza kila mhudumu wa kaunta awe na kijiko chake. Toka siku hiyo hapakutoka kinywaji ambacho aliyekitengeneza hakukionja. Tone moja tu, kwa kijiko. Sikuwahi kumeza glasi nzima maishani mwangu, na hili naomba likumbukwe.

Sasa nifikie mahali penyewe.

Palikuwa na Meneja Msaidizi, kijana mwenye tai na haraka. Siku moja adhuhuri, tukiwa tunaandaa sherehe ya harusi ya alasiri, alileta madumu mawili ya manjano, yale ya mafuta ya kula, akaagiza yaliyomo yamiminwe katika chupa tupu za pombe kali zenye nembo. Nilifungua dumu la kwanza. Harufu ilinipiga puani: plastiki, na chini yake kitu kama rangi ya kupaka milango.

"Bwana Meneja, hii imetoka wapi?"

"Imetoka nilikoitoa. Itiwe kwenye ile kokteli ya kahawa. Kahawa ni blanketi, Ma Koku, inafunika kila kitu."

"Haina lakiri ya kiwanda. Sitaonja kitu ambacho sijui kimetoka wapi. Na nisichokionja simpi mgeni."

"Nani amekuambia uonje? Wewe mimina!"

Hapa vijana wa siku hizi wanielewe vizuri. Kuonja si dawa ya sumu. Ipo pombe inayopofusha macho ambayo ulimi haung'amui lolote. Kuonja ni kiapo: mtu anayejua kwamba yeye ndiye wa kwanza kunywa atachunguza chupa, atachunguza lakiri, atauliza ilikotoka. Anayejua kwamba watakunywa wengine atasema kahawa ni blanketi.

Nilibeba dumu la kwanza nikalimwaga katika karo. Nililirudia la pili. Meneja Msaidizi alipiga kelele hadi wapishi wakatoka jikoni. "Hata jina lako huwezi kuliandika, utanifundisha mimi pombe?" Sikumjibu, maana dumu lilikuwa zito na pumzi nilizihitaji. Wageni wa harusi walikunywa bia na soda, wakacheza, wakaenda makwao salama. Hakuna aliyeumwa siku ile, na ndiyo sababu hakuna aliyenishukuru.

Siku ya tatu niliitwa ofisini. Mezani palikuwa na karatasi moja na kibweta cha wino. Meneja Msaidizi alisema ni karatasi ya kunihamishia nyumba ya wageni ya hoteli yetu kule Nansio, kisiwani. Mkuu wa Baa alikuwa amesimama dirishani. Nilimgeukia nikamwambia, "Bwana, nisomee." Aliishika karatasi. Macho yake yalishuka mstari kwa mstari hadi mwisho, nikayaona yakishuka. Kisha akairudisha mezani na kutazama ziwa.

"Weka dole gumba tu, Ma Koku," alisema. "Ni ya uhamisho."

Nikaweka.

Hilo ndilo kosa langu, na silikwepi. Mimi ambaye nilikataa kumimina nisichokionja, niliweka dole langu juu ya nisichokijua. Niliamini kinywa cha mtu kwa sababu kilikuwa kimenifundisha kazi. Meneja Msaidizi simchukii kama ninavyomchukia Mkuu wa Baa. Yule wa kwanza hakujua kazi. Huyu aliijua, akaiuza kwa kunyamaza.

Nansio nilikaa miaka mingi. Nilivuka kwa meli nikiwa na kijiko changu katika mfuko wa gauni. Msimamizi wa nyumba ile alikuwa mama wa Kikerewe, mkali kunishinda, na alinipokea kwa kuninusa kinywa. Sikuelewa kwa nini. Kila asubuhi, kwa mwezi mzima, alinikaribia na kuninusa kabla hajanipa funguo. Mwezi ulipokwisha akasema, "Ama wewe ni mganga wa kuficha harufu, ama mjini wamenidanganya." Nilidhani ni mzaha wa visiwani. Hapakuwa na kopo la kutikisia kule. Nilitikisia katika chupa pana ya siagi ya karanga, na wageni waliokuja kununua samaki waliisifu kokteli ile kuliko ya mjini.

Nilirudishwa Mwanza nikiwa nimekaribia kustaafu. Waliokuwapo zamani walikwisha kuondoka. Siku ya kuniaga waliandaa keki na viti ukumbini, na ndugu zangu wakaalikwa. Mkurugenzi mpya, mtu mpole asiyenijua, alifungua faili langu mbele ya watu ili asome utumishi wangu. Akasoma mwaka wa kuajiriwa. Akasoma kukaanga, akasoma kaunta. Kisha, kabla hajatambua anachokisoma, kinywa chake kikatoa: "Alikiri kwa dole gumba kunywa pombe ya hoteli akiwa kazini, akapewa onyo na kuhamishwa."

Akalifunga faili upesi. Halafu mtu mmoja nyuma akacheka, na wengine wakamfuata, kicheko kile cha watu wanaodhani wanamsaidia mzee asione aibu. "Ma Koku naye! Kumbe!" Nilikata keki. Anitha alikuwa binti mdogo, amekaa safu ya mbele, na alisikia yote.

Sasa nirudi kwenye Ijumaa iliyopita.

Anitha alikuwa akijiandaa kupokea wageni wa posa, watu wa upande wa kijana anayetaka kumwoa. Nilimkuta jikoni, akanisalimu shikamoo bila kuinua macho kwenye simu, ambako alikuwa akitazama jinsi ya kutengeneza kokteli ya kahawa nyumbani. Mezani palikuwa na kopo la kahawa ya unga ya kukoroga, ile isiyohitaji hata kuchujwa, na chupa ya maji ya plastiki iliyojaa pombe.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa dada mmoja Mabatini, bibi. Anauza vizuri tu."

"Umeionja?"

"Mimi sinywi, bibi. Na hata ikiwa kali, kahawa itafunika."

Nilisikia sauti ya Meneja Msaidizi ikitoka katika kinywa cha damu yangu. Nilichukua chupa ile nikaimwaga katika karo, yote, mpaka tone la mwisho. Hapo ndipo mjukuu wangu akapandwa na hasira, akasema: "Wewe uliyetolewa kaunta kwa ulevi, ndiye wa kunifundisha mimi pombe?"

Andika, Anitha. Andika kama ulivyolisema. Usiandike "alijibu vibaya."

Sikumpiga, ingawa mkono uliinuka. Nilimweleza nilichokwisha kukieleza hapa. Alilia, nami sikumbembeleza. Kilio hakichuji kahawa. Nikamwagiza buni, na chupa ndogo ya pombe kali yenye lakiri kutoka dukani, na tukafanya kazi nyumbani kwake kama ipasavyo.

Kahawa tuliikaanga kwenye sufuria, tukaitwanga kinuni isiwe unga mno. Vijiko viwili vilivyojaa kwa kikombe kidogo cha maji yaliyochemka na kutulia kidogo. Tukaifunika, tukaichuja mara mbili kwa kitambaa safi, tukaiweka katika beseni la maji baridi mpaka ikapoa kabisa. Tukapika shira, yaani sukari na maji ya moto kwa kiasi sawa, ikorogwe mpaka chembe ziishe. Kipimo kimoja cha pombe, viwili vya kahawa, nusu ya shira, na barafu hadi nusu ya chupa pana ya kutikisia. Alitikisa kivivu.

"Hulazi mtoto hapo!" nilimwambia, nikashangaa kusikia kwamba maneno ya yule mtu bado ninayo, na bado ni kweli.

Glasi ya kwanza punje zilizama. Ya pili zilizama. Ya tatu zilikaa.

Wageni walikuja Jumamosi alasiri. Glasi zililetwa kwenye sinia, na kabla mtu hajanyoosha mkono nilitoa kijiko changu cha zamani, nikachovya glasi ya mgeni mkubwa, nikaonja mbele yao wote. Mshenga wao, mtu wa maneno mengi, akapiga paja. "Jamani! Bibi kashaanza! Kumbe ukoo huu bibi ndiye mlevi!"

Walicheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha ukumbini. Nilikirudisha kijiko kwenye sinia, nikaona kwamba nitakufa nikiwa na neno hilo mgongoni.

Anitha alikuwa amepiga magoti akigawa vitambaa vya mikono. Binti wa posa hasemi mbele ya wageni, hiyo ni adabu, nami ndiye niliyemfundisha. Akasema.

"Samahani, baba. Kwetu anayetoa huonja kwanza. Bibi yangu alipoteza kaunta yake kwa sababu alikataa kuwapa watu asichokionja. Si mlevi. Hajawahi kuwa."

Mshenga alishusha macho. Mama wa yule kijana alichukua glasi ile ile niliyoichovya, akanywa, akasema, "Mama, tumepokea." Hapakuwa na kicheko tena.

Hasira yangu haijaisha. Faili lile bado liko katika kabati la watu, na dole langu limo ndani yake likisema uongo. Kwa vijana mtakaoshika kazi yoyote, hata kama mmesoma kunizidi, ninawaachia neno moja tu: msimpe mtu ambacho ninyi wenyewe mngekitema, wala msikubali mtu akusomeeni kwa kunyamaza.

Sasa, Anitha, nisomee yote uliyoyaandika, tangu mwanzo, polepole. Ukimaliza, rudia. Kisha lete wino. Karatasi hii nimeionja, na dole gumba nitaliweka mimi mwenyewe.