Maagizo ya Dawa Yaliyosubiri Jumapili

Nilipochoka kuhamahama mijini, nilipata kazi ya kuweka programu kwenye tableti za zahanati, kuanzia Matiri hadi vijiji vya ziwani karibu na Liuli. Wauguzi waliagizia dawa humo, na seva, kompyuta kuu za mjini, zikayapokea maagizo. Fundi wa seva, dada mmoja mwenye haraka, alikuwa anazihamishia kwenye toleo jipya la programu, ambalo halikuijua API ya zamani, yaani njia iliyopitisha maagizo kutoka kwenye tableti.

Alinipigia simu nikiwa Mbinga. "Kaka, leo naizima njia ya zamani. Tangu juzi hakuna aliyeitumia."

"Na zahanati ya ziwani?"

"Kimya. Labda nao wamehamahama kama wewe."

"Kule chini hakuna mtandao, dada. Muuguzi hupanda na tableti kilimani Jumapili, baada ya ibada. Maagizo ya wiki nzima bado yamo humo, na ya dawa za kifafa pia."

"Kwa hiyo ningeyakataa yote?"

"Yote."

Akaguna, kisha akaweka mbele ya seva programu ndogo ya kupokea maagizo ya zamani na kuyageuza yaeleweke kwenye toleo jipya.

Jumapili nilipanda kilima na muuguzi, mama mtu mzima anayenizidi mwendo.

"Shikamoo, mama. Jaribu kuyatuma maagizo sasa."

"Marahaba. Yasipokwenda, utayabeba kwa mguu hadi Mbinga."

Yalikwenda yote. Ndipo nikaifuta programu ya zamani kwenye tableti yake na kumwekea mpya.