Kifuniko cha Lenzi ya Ottmar

Mume wangu, Ottmar Rinker, alijaliwa macho mazuri na ndugu mbaya. Nasema mapema ili msije mkadhani nitamstahi shemeji yangu. Sitamstahi.

Ottmar alizaliwa hapahapa Wetzlar, akaingia kiwanda cha kamera akiwa kijana, na hakutoka mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kurekebisha kile kidirisha cha juu ya kamera ambacho ukichungulia unamwona mtu mara mbili, mwenyewe na kivuli chake. Unazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka kivuli kimwingie mwenyewe, na hapo ndipo unabonyeza. Kiwandani hakukosea. Nyumbani alikuwa msahaulifu wa kupindukia: miwani niliikuta kwenye friji, kila mwaka siku ya ndoa yetu niliikumbuka peke yangu, na kifuniko cha lenzi ndiyo usiseme.

Hilo la kifuniko ni ugonjwa wa watu wote wa kamera hizi. Jicho lako liko kwenye kidirisha, haliko kwenye lenzi, kwa hiyo hata lenzi ikiwa imezibwa wewe unaona chumba kizima kinang'aa. Unabonyeza na kufurahi. Anayejua ni yule aliyekaa mbele yako. Ndiyo maana hapa mjini hata mtoto wa chekechea, ukimwelekezea kamera iliyozibwa, atakwambia, "Mjomba, kifuniko." Ni adabu tu, kama kumwambia mtu zipu yake iko wazi.

Mama mkwe, Bi Lina, hakupenda picha. Tangu mumewe afe vitani alikuwa akigeuza uso kila akiona kamera, na Ottmar, fundi mzima, hakuwa na picha hata moja ya mama yake uzeeni. Siku alipotimiza miaka themanini akakubali, kwa hiari yake. Alijipamba kwa kibanio chake cha fedha kifuani, akakaa kwenye kochi la kijani pamoja na Volkmar, mwanawe mkubwa, akamshika mkono. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, hayaoni mbali kuliko kikombe cha kahawa. Mimi nilikuwa jikoni nakata keki ya plamu. Nilimsikia Ottmar akimwomba mama ainue kidevu kidogo, na Volkmar akicheka. Filamu nzima iliishia kwa mama.

Alipoisafisha bafuni kwetu, filamu ilitoka nyeupe kama maji. Ottmar alidhani haikushika kwenye kigurudumu chake, kwamba mikono yake ndiyo iliyomwangusha. Akaona haya kumwambia mama, akawa anangoja siku nzuri ya kumwomba tena. Majani hayajaanza kupukutika, mama akafariki.

Makaburini alimweleza kaka yake habari ya ile filamu huku akilia. Volkmar akamkumbatia mbele yangu, akampigapiga mgongoni.

"Mdogo wangu, filamu ndivyo zilivyo," akamwambia. "Usijilaumu."

Lakini alijilaumu. Kamera aliifungia kabatini, na hata kazini akawa anakagua kila kitu mara mbili, mwenye mikono ile ambayo wenzake walikuwa wakiionea wivu. Niliishi na mtu huyo miaka mingi.

Halafu siku moja niko kwa muuza nyama, na mkewe Irmtraud ananifungia soseji huku anacheka peke yake. Akaniuliza kama mume wangu bado anapiga picha na kifuniko. Nikamwuliza kifuniko gani. Akanieleza kwa moyo mweupe kabisa: kila msimu mvinyo mpya wa tofaa unapotoka, Volkmar huwasimulia wenzake pale baa jinsi siku ile ya mama alivyokikodolea macho kile kifuniko tangu picha ya kwanza mpaka ya mwisho, akajizuia kucheka mpaka mbavu zikamuuma. Meza nzima ilijua. Mume wangu alikuwa akipita na kuwasalimu, nao wanajua.

"Nilidhani mnajua," Irmtraud akasema. "Si mzaha wa kifamilia?"

Soseji niliziacha palepale. Hasira niliyokuwa nayo ingechemsha sufuria.

Ottmar hakupiga kelele. Alikaa kitako ukingoni mwa bafu, pale alipoiona filamu ile, akasema ilitosha kaka yake kutamka neno moja tu. Mimi nilitaka twende tukamvunjie Volkmar vyombo. Akanikataza. Volkmar alikuwa anakaribia kutimiza miaka sabini na alikuwa amemwomba ampige picha.

"Nitaenda na kamera imezibwa," akaniambia. "Akisema, yameisha. Sitamwuliza la zamani."

Nikamwambia mzaha mzaha hutumbuka usaha, na huu ulishatumbuka zamani. Akaenda kuitafuta kamera.

Siku ilipofika, Volkmar alikaa kwenye kochi lilelile la kijani, alilirithi. Wageni walikuwa nyuma yetu na glasi zao, wazee wa baa wakiwa dirishani. Ottmar akainua kamera. Nilimkazia macho shemeji yangu, na sitaona haya kusema kwamba nilimwombea. Jicho lake likatua kwenye lenzi. Aliona. Midomo ikamtetema kidogo, akawatazama wazee wa dirishani, akawakonyeza. Kisha akaweka tai yake sawa na kutabasamu.

Ottmar akabonyeza. Akavuta filamu, akangoja, akabonyeza tena. Alimngoja kaka yake kwa muda mrefu kuliko ambavyo mimi ningeweza.

Mwishowe akaishusha kamera, akakitoa kifuniko na kumwekea Volkmar mkononi.

"Mama alikuwa ameushika mkono huu," akasema. "Nilimwona vizuri sana."

Volkmar akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema. "Sasa si ungeniambia tu, kuliko kunifedhehesha mbele za watu?"

"Na wewe je, kaka?"

Nikachukua makoti yetu. Tulirudi kwa miguu kando ya mto Lahn, manyunyu yanatudondokea, na kamera ikining'inia kifuani pa Ottmar lenzi ikiwa wazi. Nilimwona akiiacha ilowe na sikumwambia kitu. Baadaye, karibu na daraja, nikavua skafu yangu nikaifunika.