Kaburi la Dorkasi

Mtaa mzima wa Makorora ulimjua kwa jina la Mama Sabuni. Jina alilobatizwa, Dorkasi, lilibaki kijijini kwao Ubondei, pamoja na vitambaa vya altare alivyokuwa akivifua na kuvipiga pasi alipokuwa msichana. Tangu sabuni ilipoadimika madukani, naye akajifunza njia za porini za Horohoro za kuivusha mpakani kimagendo, Jumapili ilikuwa siku ya safari, si ya kanisa.

"Mungu hana haraka," alikuwa akisema huku akifunga mzigo. "Wateja ndio wenye haraka."

Kisha ukaja mwaka wa msako wa walanguzi. Watu walitupa bidhaa baharini, wengine chooni. Dorkasi hakutupa. Ijumaa moja mchana, wanaume wa mtaa wa Ngamiani wakiwa msikitini, alikwenda na Kombo, msukuma mkokoteni wake, hadi makaburi ya Wakristo nje ya mji. Walichimba, wakazika katoni zote za sabuni, wakafukia kwa tuta refu na kusimika msalaba.

"Niandike nani?" Kombo aliuliza, brashi mkononi.

Dorkasi alisita. Kuandika jina la mtu aliye hai ni kumwitia kifo. La aliyekufa, huenda mwenyewe akaja kuuliza.

"Andika Dorkasi."

"Ndiye nani?"

"Hayupo siku nyingi."

Siku chache baadaye alirudi peke yake na jembe ili atoe katoni moja. Tuta lilikuwa limefagiliwa. Mistari ya fagio ilikuwa mibichi mchangani, bila unyayo hata mmoja, na chini ya msalaba palikuwa na asumini zenye umande, ingawa jua lilikuwa la utosi. Makaburi ya jirani yalijaa majani makavu. Upepo haukuwapo. Alihisi kuna mtu nyuma yake, anamngoja amalize kulisoma jina lile. Akarudi nyumbani bila kuchimba.

Kombo aliapa kwamba hakukanyaga huko tena. Dorkasi alirudi mara nyingine, na nyingine. Kila alipoinua jembe, mkono ulikufa ganzi.

"Vipi sabuni, shoga?" jirani yake Saleha alimuuliza uani. "Tumefulia majani ya mpapai mpaka nguo zimegeuka kijani!"

Kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia, Dorkasi akamweleza. Saleha alicheka mpaka akashika ukuta.

"Basi umekufa, mwenzangu, ila hujapewa habari!"

Dorkasi hakucheka. Hakuna aliyemwita kwa jina lake tangu mama yake afariki. Huyo anayeleta maua pale, anamlilia nani?

Ikafika Siku ya Marehemu Wote, ambapo Waanglikana wa mjini huzunguka makaburini na mishumaa, wakimwombea kila marehemu kwa jina. Msafara ungesimama juu ya sabuni yake! Aliamua kuwawahi na kuchimba, liwalo na liwe. Lakini alipofika, jembe begani, padre na waumini walikuwa wamekwisha kulizunguka tuta. Moshi wa uvumba ulisimama wima kama nguzo.

"Dorkasi," padre alisoma msalabani. "Hatukumzika sisi, wala hatujui ndugu yake hata mmoja, lakini hatujaacha kumwombea. Yupo anayemjua?"

Angenyamaza, wangepita, na mali yake yote ingebaki salama. Lakini jina lile lilikuwa limetamkwa kwa upole, kama la mtu anayengojewa mezani.

"Ni mimi," alisema. "Niko hai. Humo mna sabuni. Ichimbueni, mgawane."

Mshumaa wa mtu ulianguka.

"Yesu wangu!" bibi mmoja alimaka. "Kumbe tumeiombea sabuni raha ya milele?"

"Tumemwombea Dorkasi," padre alijibu, "na Dorkasi huyu hapa."

Wengine walicheka. Dorkasi aliuliza kwa sauti ndogo, "Padre, nani kati yenu anayefagia hapa?"

Padre aliwatazama waumini. Kila mmoja akatikisa kichwa.

"Hakuna, mwanangu. Tulilikuta safi siku zote, tukadhani marehemu ana mtu wake."

Dorkasi akaangalia chini. Mistari mipya ya fagio ilitoka msalabani hadi penye nyayo zake, ikazizunguka taratibu, kama afanyavyo mfagiaji asiyetaka kumwondoa aliyesimama. Akaliweka jembe chini, akapiga magoti papo hapo.