Bakshishi Haifichwi Chini ya Mto

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hata leo nikiiwaza jasho hunitoka la kujaza ndoo mbili. Nilikuwa kijana wa Mkwaja, nimetumwa mjini Tanga kutafuta mkanda wa mashine ya kusaga ya kijiji. Ilikuwa miaka ya dhiki. Sabuni ilikuwa adimu kuliko maziwa ya kuku. Watu walifulia majani ya mpapai, na ukionekana na povu mwilini majirani walikuuliza una undugu na waziri gani.

Nikapanga nyumba ya wageni Chumbageni. Aliyetunza vyumba alikuwa Bi Mwanaidi, mjane mwenye watoto wadogo. Bomba likikauka, alinifuatia maji kisimani. Shati langu lililotota grisi alilisugua kwa majani ya mpapai likatoka jeupe hata kunguru wakaliogopa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa, mkobani nilikuwa na kipande cha sabuni ya kunukia, nimeletewa na shemeji yangu kutoka Mombasa kwa njia za panya za mpakani Horohoro. Magendo matupu, na siku zile magendo yalikuwa kifungo. Nikaazimia kumwachia Bi Mwanaidi. Lakini chuo cha Kurani nilifundishwa kuwa sadaka njema ni ya siri, mkono wa kushoto usijue uliyotoa wa kulia. Nikaifunga gazetini, nikaichomeka chini ya mto, nikaondoka kimya kimya kwenda stendi, nimejaa thawabu hadi shingoni.

Basi la Pangani likakosa dizeli. Nikarudi kuomba chumba tena, na pale mlangoni nikaganda. Kikapu cha Bi Mwanaidi kimemwagwa sakafuni: kanga, vipande vya muhogo, na sabuni yangu. Mbele yake amesimama Bwana Shekue, msimamizi, na kando yake mgambo mwenye rungu.

"Mgeni gani huyo wa kuacha sabuni ya Mombasa? Sultani?"

"Nimeikuta chini ya mto, baba. Nikajua ni ahsante yangu."

"Alikutamkia?"

Bi Mwanaidi akainamisha kichwa. "Hakunitamkia."

"Basi umeiba. Kazi huna, na afande huyu atakupeleka kituoni ukaeleze yaliyobaki."

Hawakuwa wameniona. Miguu ilinishauri stendi. Nikisema sabuni ni yangu, nimejifunga mwenyewe. Nikinyamaza, yule mama anakwenda ndani na watoto wake wanalala njaa. Moyo ulipiga hata nadhani Pemba walifikiri Maulidi yameanza.

"Nimempa mimi." Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

Mgambo akageuka. "Aaa! Na wewe umeitoa wapi?"

"Kwa shemeji yangu."

"Yuko wapi?"

"Mombasa."

"Ana kibali?"

"Ana wake wawili, afande. Kibali hana."

Wallahi sikukusudia mzaha. Ni hofu iliyosema. Mgambo akauma mdomo. Akaiokota sabuni, akainusa, akanitazama, akainusa tena. Mimi nilikwishajiona nimenyolewa kipara cha mahabusu.

"Hiki kidhibiti," akasema, akakitia mfukoni. "Nikikusikia tena na harufu hii, utaozea ndani." Akaenda zake. Kidhibiti kile, mwanangu, nadhani kilitoa povu kabla ya magharibi.

Shekue akasukuma kikapu kwa mguu, "Rudi kazini," bila hata samahani. Nami nikamfuata Bi Mwanaidi uani nikitarajia dua.

"Shikamoo, Bi."

Marahaba yake ilichelewa. "Kijana, mimi ombaomba?"

"La, Bi."

"Basi mbona unanipa kama unamsitiri maskini? Sadaka hufichwa ili anayepokea asiaibike. Mimi nimefanya kazi. Kazi ina haya gani? Ungenipa mkononi, Shekue akiona, ukatamka neno, nani angenipekua?"

Nikatoa sehemu ya nauli yangu, nikarudi naye hadi mezani kwa msimamizi. "Bwana Shekue, shuhudia. Hii ni ahsante ya Bi Mwanaidi kwa kazi yake."

"Nimepokea," Bi Mwanaidi akasema, macho yake kwa Shekue, si kwangu. Akaifunga pindoni mwa kanga polepole, Shekue akitazama hadi fundo lilipokazwa. Mimi nilifika Mkwaja nusu kwa basi, nusu kwa miguu.

Mwanangu, baadaye milango ya biashara ilifunguliwa, sabuni zikajaa hata mbuzi wakaogeshwa, na hoteli zikaota pwani nzima kama uyoga. Adabu ya bakshishi haikubadilika. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Mimi naongeza, kutoa ni mdomo pia. Mpe mhudumu mkononi, mchana kweupe, umwambie ni ya nini. Ukiondoka alfajiri naye hayupo, iache mapokezi kwa jina lake, na mwenye mapokezi akusikie ukilitaja. Usimpe unapoingia ili akupendelee. Hiyo ina jina jingine, na wote tunalijua. Kama huna, mshukuru kwa ulimi, wala usimwahidi "nikirudi." Na kitu kinachoweza kukufunga wewe, usimbebeshe mwenzio ukakiita zawadi.

Mola akufungulie safari zako, akujaalie mkono mwepesi na ulimi mkweli, na kila utakapolala ugenini, aliyekutandikia kitanda arudi kwake jioni kikapu chake hakijapekuliwa. Amin.